Chaja Yenye Masikio

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na sauti ya pasi ikigonga meza. Mama yake alikuwa dobi katika hospitali kubwa ya mji ule, na kutwa nzima alinyoosha mashuka, lakini hakutoka nyumbani bila kunyoosha sare yake pia.

"Mama, yale mashuka ya hospitali hayakutoshi?" Chiriku alimtania.

"Nenda kapige mswaki, we chiriku," Mama alijibu. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya kusema sana, kama ndege yule.

Walikuwa wakiishi kwa Mama Mdogo, msusi aliyepanga vyumba viwili nyuma ya saluni yake. Walikimbilia hapo baada ya Baba, dereva wa lori, kumvunja Mama mkono. Haikuwa mara ya kwanza kumpiga, ila Mama aliapa kwamba itakuwa ya mwisho. Polisi walimkataza Baba kuwasogelea.

Siku moja, wanafunzi walipokuwa wakitoka, Baba alimngoja Chiriku pembeni ya ukuta wa shule. Alikuwa amenyoa ndevu, anatabasamu. Alimpa chaja mpya nyeupe.

"Ichomeke chumbani mnamolala, msihangaike kuazima. Ila usimwambie mama yako kuwa nimekupa mimi. Ataitupa. Iwe siri yetu, mwanangu."

Chiriku alikuwa amemkumbuka baba yake mno. Alipoulizwa nyumbani, alisema amepewa na rafiki yake wa darasani. Mama alishukuru, na tangu hapo chaja ile haikutoka ukutani.

Baada ya muda Baba alianza kupiga simu. "Pole, nasikia mvuke umekuunguza mkono," alimwambia Mama. Safari nyingine alisema, "Kwa hiyo umeomba zamu ya jioni?" Mama alibaki ameduwaa. Mambo hayo alimsimulia mdogo wake tu, wakiwa wamekaa kitandani. Akaacha kula vizuri. Kila mlango ulipobishwa, alishtuka.

Hatimaye uvumilivu ulimshinda. Aliingia saluni wateja wakiwa wamejaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mdogo wangu, amekupa nini yule mwanamume hata uniuze?"

Kitana kilimponyoka Mama Mdogo. "Dada! Mimi niliyekufungulia mlango ukiwa na mkono umening'inia?"

"Basi nani? Kuta?" Mama akamgeukia Chiriku, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni. "Na wewe, umewahi kukutana na baba yako?"

Neno lilimfika Chiriku kooni. Alimtazama Mama Mdogo, ambaye midomo yake ilikuwa ikitetemeka mbele ya watu. Neno likarudi tumboni. Akatikisa kichwa.

Kuanzia siku hiyo ndugu wale hawakusemezana. Mama alitafuta chumba kwingine. Jumapili mchana, Mama Mdogo akiwa ametoka, Mama alimwita Chiriku chumbani wafunge nguo.

"Tunahamia nyuma ya hospitali, kwenye nyumba yenye geti la bluu. Usimwambie mtu yeyote. Baba yako ni moto wa makumbi. Ukidhani umezimika, kumbe ndani unawaka."

Chiriku alichomoa chaja, akaitia kwenye begi, wakaondoka.

Walipofika, Baba alikuwa ameegemea geti la bluu.

"Moto wa makumbi umewatangulia," alisema. Kisha akamshika Mama shingoni na kumbamiza ukutani. Chiriku alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Majirani walitoka mbio, seremala mmoja akiwa na nyundo mkononi, na Baba akatimua mbio. Mama alikuwa ameketi chini, damu ikimtoka mdomoni.

Kituoni waliandikisha maelezo kwa Afande, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini.

"Nani alijua kwamba mnahama?" Afande aliuliza.

"Ni mdogo wangu. Nani mwingine?"

Chiriku alikumbuka alichosema Baba getini. Moto wa makumbi! Maneno yale Mama aliyasema chumbani, na Mama Mdogo hakuwepo.

"Si Mama Mdogo," alisema. Machozi yalimtangulia maneno huku akiitoa chaja kwenye begi. "Mama, nilikudanganya. Nilionana na baba shuleni. Hii chaja alinipa yeye."

Afande alichukua bisibisi akaifungua chaja. Ndani, katikati ya nyaya, palikuwa na laini ya simu na kipaza sauti kidogo kama punje ya mtama.

"Kifaa hiki kilitegwa kuwasikiliza," alisema. "Yeye anapiga namba ya laini hii akiwa mbali. Hakiiti wala hakiwaki taa, lakini anasikia kila neno la chumbani. Nimeshaona vingine ndani ya saa za ukutani na kalamu. Vingine ni kamera ndogo, huwezi kuziona kwa haraka. Kuna vinavyofichwa kwenye begi au gari kuonyesha ulipo, na kuna programu zinazowekwa kwenye simu ili mtu asome ujumbe wako."

Alipekua begi na simu yao, asione kingine. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Hakumtazama mwanawe.

Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la Baba. Alikamatwa kwenye maegesho ya malori, na mahakama ikamfunga.

Mama alirudi saluni pamoja na Chiriku, safari hii kichwa chini. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuvunjia heshima mbele za watu."

"Wapo wateja ambao hawajarudi, Dada. Wanasema nauza siri." Mama Mdogo aliendelea kupanga vitana vyake. Saluni ilikuwa tupu. "Haya, kaeni basi. Mtasimama mpaka lini?"

Chiriku alipiga magoti. "Mama Mdogo, nisamehe." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nalia chumbani, nasema nimemkumbuka baba. Alinisikia?"

"Alikusikia."

"Mbona hakuniambia chochote?"

Mama Mdogo aliweka vitana chini, akamwinua. "Kwa sababu hakuwa akikutafuta wewe, mwanangu. Sikiliza. Aliyetega mtego ni mtu mzima, na kosa hilo ni lake. Lako ni moja: uliniona natukanwa, nawe ukaumeza ukweli. Mtu akikupa zawadi akasema 'usimwambie mama yako', mpelekee mama yako siku hiyohiyo, haidhuru aliyekupa ni nani."

"Hata akiwa baba?"

"Hata akiwa baba."

Mama alivuta taulo zilizorundikana kwenye kiti, akaanza kuzikunja moja moja, na baada ya kitambo Mama Mdogo akasogea kumsaidia.