Nilimwacha Mwende Nje ya Uvumbuzi Wetu

Nina miaka thelathini na sita. Ninaishi peke yangu karibu na Dagoretti Corner, na ninafundisha kemia katika shule ya upili. Wanafunzi wangu hawajui kwamba niliwahi kuwa mkurugenzi wa kampuni. Nawaandikia ninyi wasomaji kwa sababu... sijui nimwandikie nani mwingine.

Tulipokuwa tukisomea shahada ya pili, mimi na Mwende tulitumia maabara moja. Tulitengeneza kikaratasi cha kupima nyama. Ukikigusisha na nyama iliyoanza kuharibika, kinageuka zambarau. Kila asubuhi Mwende alikwenda kwenye vichinjio vya Dagoretti kuchukua vipande vya kupimia. Ile rangi aliigundua yeye. Mimi nilijua tu kuieleza vizuri mbele za watu.

Muhula wa mwisho mama yake alipooza, Mwende akarudi Kitui kumuuguza. Aliniomba niangalie kazi yetu.

Wiki hizo hizo, ofisi ya chuo inayowasaidia watafiti kuanzisha kampuni ilituita. Nikapewa fomu ya kusajili uvumbuzi. Nikaandika jina langu, nikaweka kalamu chini. Afisa aliniuliza kuhusu yule mwenzangu. Nikamjibu kwamba alikuwa akinisaidia kuosha chupa.

Nani alinilazimisha? Hakuna. Nilijiambia tu kwamba wawekezaji hawatamtaka mtu asiyekuwepo...

Mwaka uliofuata nilikuwa na kampuni ya kuwauzia wenye bucha vikaratasi hivyo, na ofisi Westlands, ghorofa ya saba. Nikahojiwa redioni, nikarudia lile la msaidizi wa kuosha chupa. Mwende alinisikia akimlisha mama yake uji.

Alikuja ofisini. Aliketi mbele yangu bila kuvua sweta. Nilimweleza kwamba mawakili walisema usajili haubadiliki tena, nikamwahidi kazi. Aliniacha nimalize.

"Sijakuja kudai kitu, Njoki," akasema. "Niangalie tu, uniambie mimi nilikuwa naosha chupa."

Sikumwangalia. Nilisema nina mkutano. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake!

Kisha joto la Januari likaja, na vikaratasi vikaacha kugeuka rangi. Nyama mbovu ikapita kama nzuri. Mwenye bucha mmoja aliyetuamini aliwalisha watoto wake, wote wawili wakalazwa. Walipona, ashukuriwe Mungu.

Nilijifungia maabarani siku tisa nikitafuta kosa. Ndipo nilipokubali kwamba sikuwahi kuielewa ile rangi. Nilimpigia Mwende. Dada yake ndiye aliyepokea, akaongea kwa upole.

"Mwende amesema amekusamehe. Amesema pia usipige tena."

Wawekezaji waliondoka. Kampuni ikafungwa. Nilishuka ngazi za ile ofisi nikiwa sihisi chochote... hata aibu.

Wewe uliye maabarani sasa, unayeota kampuni yako, nakusihi. Mtaje mwenzako, hasa akiwa mbali na hawezi kujisemea. Usidhani utarekebisha baadaye. Mimi nilidhani hivyo.

Wachache wanaojua habari hii huniuliza kama bado ninalia. Silii. Laiti ningeweza kulia.