M ya Waitara

"Mokami, chagua kitenge twende! Kesho watu wa Makoye wanaleta posa, wewe unakitazama kitambaa kama umeona nyoka."

Shangazi Theodora hakuwa mtu wa kubembeleza. Walikuwa dukani Sirari, mpakani na Kenya, na Mokami, mwalimu wa Kifaransa wa sekondari moja ya Tarime, alijisikia kama anachagua sanda.

Makoye hakuwa mtu mbaya. Mchimba dhahabu kutoka Shinyanga, mpole, anampenda. Tatizo ni kwamba kila simu ilipoita, moyo wa Mokami ulikimbia kutazama kama ni Waitara.

Waitara, kijana wa Ringwani, alikuwa dereva wa watalii Serengeti. Mokami alimfundisha Kifaransa kwa simu, wakapendana kwa simu hiyohiyo. Jioni moja, mahindi yakiwa bado machanga, Waitara alituma swali alilolitunga mwenyewe:

"M'aimes-tu?"

Unanipenda? Mokami alijibu: "Oui." Ndiyo.

Jibu likaja kwa Kiswahili: "Nimeelewa. Nakutakia heri."

Basi. Simu ikawa haipatikani tena. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, Mokami bado anaisoma meseji ile. Mtu unamwambia unampenda, anakutakia heri kama unasafiri!

Mara, nje ya duka, akasikia sauti. Sauti ile.

Waitara alikuwa kando ya gari la watalii waliovuka kutoka Kenya, jasho likimtoka. Mzee mmoja kati ya wageni wake alikuwa haonekani. Akamgeukia mama mmoja Mfaransa:

"M'avez-vous vu?"

Mama akaangua kicheko. "Mais oui! Je vous vois!"

Kitenge kikamponyoka Mokami. Waitara alitaka kuuliza, "Umemwona?" Alichouliza ni, "Umeniona?" Na mama wa watu amemjibu: ndiyo, nakuona!

Akatoka mbio.

"Waitara!"

Waitara akageuka, uso ukambadilika. "Mwalimu. Nasikia kesho ni siku yako. Hongera."

"Hongera ya nini? M ni nani?"

"M ipi?"

"Ya swali lako. M'aimes-tu. Ulimtaja nani?"

"Nani mwingine? Makoye. Nilisikia haishi kuja kwenu. U-na-m-penda? Nikaiweka hiyo m mbele ya kitenzi kama ulivyonifundisha. Ukasema ndiyo."

"Mahali umepatia, mtu umemkosea! Kwa Kifaransa m ni mimi, Waitara. Mimi! Yeye ni l."

"Kwa hiyo nilikuuliza..."

"Kama nakupenda wewe. Nikasema ndiyo. Ukanitakia heri."

Waitara akaushika mlango wa gari. "Mungu wangu. Nimezuia namba yako, halafu kila siku naumia kwamba hunipigii."

"Mjinga wewe." Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Niulize upya?"

"Uliza."

"L'aimes-tu?"

"Non. Simpendi."

Waitara akasogea karibu. "M'aimes-tu?"

Mokami akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtoto anayeulizwa kama ana njaa.

"Mnasemezana nini nyie?" Shangazi alikuwa amefika, vitenge begani, yule mzee mtalii aliyepotea akimfuata nyuma.

"Shikamoo shangazi," alisema Waitara.

"Marahaba. Nimeuliza mnasema nini!"

Mokami akapiga simu nyumbani, Nyamisangura.

"Baba, shikamoo. Kesho wageni wasije. Makoye nitamwambia mwenyewe leo, uso kwa uso, hajanikosea kitu."

"Umerogwa?"

"Hapana, baba. Niko na Waitara."

"Yule aliyenyamaza mpaka ukakonda? Mpe simu."

Waitara aliipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo mdomo umefunguka?"

"Umefunguka, mzee."

"Basi kesho njoo na mdomo huo hapa kwangu, wewe na wazee wako. Na hicho Kifaransa chenu mkiache hukohuko Sirari."