Pongo wa Njia ya Lumino

"Elfu themanini, basi! Mnyama amevunjika miguu, unataka nikupe laki?" Odoi alisema huku akifungua nyuma ya pikapu yake.

"Ongeza kumi. Taa ya pikipiki imepasuka," Ogwang akajibu.

"Baba Daphine, hiyo pesa usishike," Apolot akamwambia mumewe. "Huyu si wa kuuza."

Odoi akacheka. "Shemeji, mwiko ni wenu nyinyi. Kwetu Kirewa pongo ni mboga."

Jua la mchana lilikuwa linachoma. Ogwang na Apolot walikuwa wametoka Lumino kumwonyesha Daphine, mtoto wa miezi minne, kwa bibi yake mzaa mama, na sasa walikuwa wanarudi nyumbani Merikit kwa pikipiki. Safari yenyewe ilikuwa nzuri, mpaka pongo aliposimama katikati ya njia.

Ukoo wa Ogwang hauli pongo, wala haumuui. Ukikutana naye ukiwa na mtoto mchanga, unazima injini, unamtajia jina la mtoto, naye anapita. Kazi ya dakika moja, tena haina gharama. Apolot, aliyeolewa tu katika ukoo huo, alilijua hilo, akampiga mumewe begani asimame. Ogwang, aliyezaliwa humo, alipiga honi akaongeza mwendo. Mnyama hakuhama; wakamgonga, wakaanguka naye.

Sasa Ogwang akatia noti mfukoni. Odoi akampitishia mnyama kisu shingoni. Pongo hakutoa sauti. Daphine, aliyekuwa akilia mgongoni mwa mama yake tangu walipoanguka, alinyamaza katikati ya kilio.

Hakulia tena. Hakunyonya. Alilala kwenye mkeka macho wazi, akitazama mlango. Muuguzi wa zahanati alimpima akasema joto sawa, mapigo sawa, mpelekeni nyumbani. Apolot akampeleka nyumbani. Akaosha vyombo. Akaanika muhogo. Maziwa yalilowesha blauzi yake, naye akayaangalia kama maji yaliyomwagika kwa jirani.

Amongin, mama mkwe wake, akamsogelea jikoni.

"Mlimwambia jina?" alinong'ona.

"Hakusimama."

"Nani hakusimama?"

"Mtoto wako, mama."

Amongin akafunika mdomo kwa leso.

Kesho yake, kweupe kabisa, watu wakiwa wanapalilia wimbi, pongo aliingia uani. Kuku hawakukimbia. Mbuzi hawakuinua vichwa. Shingoni palikuwa na mkato mkavu, mweupe. Inzi hawakutua hapo.

Alisimama mlangoni, karibu kiasi kwamba Apolot angeweza kumgusa pua. Hakuwa na harufu yoyote.

Akafungua mdomo.

Kilio kikatoka. Kilio cha Daphine. Kile kile cha njiani, na kwikwi yake ile ile, kikaanzia pale kilipokatikia.

"Mama Daphine, rudi nyuma," Ogwang alinong'ona. Akazitoa zile noti akazirusha miguuni pa mnyama. "Chukua! Zote! Sijala hata shilingi!"

Pongo akazipita. Akaingia ndani.

Kilio kikakoma.

Ogwang akashika panga, akamfuata. Chumba kilikuwa na mkeka, mtoto na ndoo. Hakuna kingine. Dirisha lina nondo. Kwenye sakafu ya udongo kulikuwa na nyayo za kwato, mbichi, kutoka mlangoni hadi ukingoni mwa mkeka. Za kurudi hazikuwepo.

"Ameenda wapi?" akauliza. "Mama Daphine, ameenda wapi?"

Apolot alikuwa anaangalia mkeka. Daphine hana jino hata moja. Lakini taya lake lilikuwa linakwenda, pole pole, upande kwa upande, na povu la kijani lilimtoka pembeni mwa mdomo. Alikuwa anacheua.

Macho yakamgeukia Apolot. Yalikuwa meusi mpaka kwenye kope.

Apolot akapiga magoti sakafuni. Akainama mpaka pumzi ya kile kilicholala pale ikampiga usoni, baridi, yenye harufu ya majani mabichi.

"Mume wangu ndiye mwenye deni, si mtoto," akasema. "Jina lake ni Daphine. Nimeshakutajia, kwa hiyo pita. Sasa nipe mtoto wangu."