Gari Lililolala Kila Jioni

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Divine alikuwa na kazi aliyojipa mwenyewe: kulitazama gari la baba yake likilala. Alikalia ndoo iliyopinduliwa pale uani, na kabla jua halijazama watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kumzunguka. Gari lilishusha pumzi, sss, likazama polepole upande wa nyuma mpaka tumbo likakaribia ardhi.

"Limelala!" walishangilia watoto, kisha wakatawanyika kwenda kwao.

Gari lenyewe halikuwa la mchezo. Lilikuwa jeusi, refu, lenye safu tatu za viti vya ngozi na kioo kwenye paa. Baba yake Divine, Mzee Ndayikeza, mfanyabiashara wa maharage hapo Kasulu, alilinunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza kazi yake kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta. Jumapili familia nzima ilikwenda nalo kanisani, na mama alishuka taratibu makusudi ili watu wamwone vizuri. Jumatatu baba alilaza viti vya nyuma, akaenda kupakia magunia ya maharage Nyakitonto. Ndiyo, magunia, kwenye gari la viti vya ngozi!

Kilichomfurahisha baba zaidi ni kwamba kila alipopakia gunia, gari lilizama kidogo, halafu likajiinua lenyewe.

"Mnaona? Linasema bado halijashiba!" alisema, akaongeza gunia jingine.

Baada ya msimu mmoja wa kazi hiyo, gari likaanza kulala. Majirani walipouliza, Mzee Ndayikeza alicheka kwa maringo. "Magari ya kitajiri ndivyo yalivyo. Yakimaliza kazi, yanapumzika. Lako linajua kupumzika?"

Divine naye aliamini. Ila kichwa chake hakikukubali kutulia. Mbona lilianza kuzama kushoto, ndipo kulia kukafuata? Kama ni tabia nzuri, mbona gurudumu moja liwe na tabia nzuri kuliko jingine?

"Mtoto wewe, maswali yako yatatumaliza," alisema mama yake, Generosa, akichambua maharage kwenye ungo.

Jumamosi moja Divine alikuwa akiziba pancha ya baiskeli yake ya kwendea shule. Alipoingiza tyubu kwenye maji na kuona mapovu yakitoka, mikono ilisimama. Ile sss ya kila jioni! Alichanganya maji na sabuni kwenye chupa, akatoboa kizibo, akangoja baba aegeshe gari. Hakuthubutu kujipenyeza chini yake, maana mama alikwisha kumkataza. Alisimama pembeni, akanyunyizia maji kwenye uwazi ulio nyuma ya gurudumu, pale palipoonekana mfuko mnene wa mpira uliobeba gari badala ya springi. Mapovu yakafura, yakapasuka, yakafura tena.

"Baba! Baba, njoo! Halilali, linavuja upepo!"

Mzee Ndayikeza aliinama, akatazama. Furaha yote ikamtoka usoni. Kesho yake Daktari Rabia, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa hospitali ya Kibondo, alikuwa anakuja kulinunua gari hilo. Kwa fedha hizo baba angenunua pikapu ya kubebea maharage, na mwenye pikapu alikuwa ameshasema hatangoja.

"Mwana wanje, mwanangu, nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

"Basi liishie hapa hapa. Daktari akishalichukua, ni lake. Umesikia?"

"Nimesikia, baba." Divine alimpenda baba yake na hakuwahi kumwasi. Lakini jioni ile watoto walipokuja kushangilia, aliwafukuza.

Asubuhi, kabla hawajaenda kanisani, Daktari Rabia alifika akiwa mchangamfu. "Mwakeye!" aliwasalimu kwa Kiha, na mama akacheka kwa kupenda. Divine akamwamkia. Daktari alilizunguka gari, kisha akakaa kwenye kiti alicholetewa.

"Mzee wangu, rangi nimeiona. Nataka nyinyi mlioishi nalo mniambie mmeishije nalo."

Baba alisifia viti, akasifia injini, akasifia linavyopanda milima. Daktari alitikisa kichwa kukubali.

"Na huku kulala? Nimeambiwa na jirani yako hapo nje."

"Ah, hiyo... hiyo ni..." Baba akakohoa.

Daktari akamgeukia Divine. "Nasikia wewe ndiye unayelitazama kila siku. Kwa nini linalala, mwanangu?"

Divine alipima pande zote mbili. Akisema, atamwaibisha baba yake na pikapu itakwenda. Akinyamaza, daktari huyu atadanganywa mchana kweupe. Alimtazama baba machoni.

"Baba, nilete maji ya sabuni?"

Mzee Ndayikeza alijifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi ndefu.

"Lete, mwana wanje. Daktari, gari linavuja. Nililibebesha magunia kama lori, na tangu jana najua. Nilitaka kukuficha."

Daktari alikasirika, wala hakuficha. "Wiki hii ningempakia mama yangu mzazi na wanangu, niwapeleke Kibondo. Lingetulaza porini, mzee! Wagonjwa wangu hunifanyia hivyo hivyo. Anaumwa tumbo, anasema kichwa. Anayenificha panapouma, nitamtibuje?" Akainuka. "Litengeneze kwanza. Likipona, niite."

Pikapu ikachukuliwa na mtu mwingine. Baba alikodi lori msimu mzima huku akiguna. Fundi Shamsi alikuta mifuko yote miwili ya nyuma imechoka kwa mizigo, akaweka mipya. Gari likakaa usiku kucha bila kuzama hata kidogo. Daktari alipopigiwa simu, alikuja na fundi wake mwenyewe, akalikagua kila pembe, akalinunua.

"Nimelinunua kwa sababu ubovu wake niliuona hapa kwako," alimwambia baba. "Kwingine ningeukuta njiani."

Gari lilipotokomea kwenye barabara ya Kibondo, Mzee Ndayikeza alimshika binti yake begani.

"Siku ile nilikuambia unyamaze. Nilikosa, na nimeona aibu. Kumtii mzazi ni jambo jema, Divine. Lakini mtu mzima yeyote akikuomba ufiche jambo litakalomwumiza mwingine, usimtii. Hata mtu huyo akiwa mimi."

"Hata ukikasirika, baba?"

"Hasa nikikasirika."