Mkono Uliochana Hewa

Asubuhi hiyo mkono ulikuwa umegeukia kigoda. Jioni iliyotangulia Dokta aliuacha umekunjwa, umeelekezwa ukutani, kama alivyouacha kila jioni, na mlango wa maabara aliufunga mwenyewe.

"Waya, umegusa mkono?"

Fundi wa umeme, ambaye chuo kizima kilimwita Waya kwa kazi yake na kwa wembamba wake, aliinua uso. "Mimi? Ndiyo kwanza naingia, Dokta. Hata chai sijanywa."

Ulikuwa mkono wa roboti, uliofungwa kwenye meza ya chuma, wenye vidole vya mpira laini ambao Dokta aliutafiti kwa miaka, mpira unaohisi mguso kama ngozi. Ulikusudiwa wagonjwa wasioweza kujilisha wala kujiosha. Haukufundishwa kwa maneno. Mtu aliushika kiganja, akauongoza taratibu, kijiko hadi mdomoni, kitambaa hadi shavuni, nao ukakumbuka na kurudia. Kwa hiyo kila ulichokijua, kuna mtu aliyekuwa ameushika.

Waya akawasha umeme. Mkono haukufuata kijiko. Ulipanda hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi kwenye kile kigoda, ukatanua vidole, ukateremka polepole kutoka kwenye paji la uso lisilokuwepo hadi kisogoni. Ukarudi juu, ukateremka tena.

"Nani kaufundisha upuuzi huu?" Waya akacheka. "Unachana nywele za hewa!"

Dokta hakucheka. Mama yake alifariki mwaka uliopita, wakati yeye yuko ng'ambo akiuonyesha mkono huohuo kwenye mkutano wa wataalamu. Aliporudi alikuta kaburi limeshaota majani. Na mama alimchana hivyohivyo tangu utotoni, paji hadi kisogo, akitua kidogo nyuma ya sikio.

Mkono ulitua nyuma ya sikio.

"Niuzime?" Waya aliuliza.

"Uache."

Tangu siku hiyo Dokta alifika kabla ya wenzake, akaketi kwenye kigoda, akafumba macho. Tusiharakishe kumlaumu. Ni wangapi wangepewa nafasi ile wakaanza kuuliza maswali? Vidole vya mpira vilikuwa na joto, ingawa hakuna aliyeviwekea kitu cha kupasha joto. Palinukia mafuta ya nywele ya mama, na chini ya harufu hiyo, mbali kidogo, palinukia udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Asubuhi moja Waya alimkuta ameushika mkono kiganjani wakati unatembea wenyewe. Hakuwa akiuongoza. Alikuwa ameulegeza mkono wake mwenyewe, akifuata juu na chini, huku machozi yakimtiririka.

"Dokta," Waya alisema kwa sauti ndogo, "hapo nani anamfundisha nani?"

"Jumamosi namleta Kidoti," alijibu bila kufumbua macho. Kidoti ni binti yake, wa darasa la pili. "Akae hapa kidogo. Bibi yake hakumfaidi."

Jioni alimweleza mama mdogo, aliyehamia kwake tangu msiba. Walinong'ona jikoni, maana Kidoti alikuwa sebuleni na kazi za shule.

"Dada akimaliza kukuchana alikuwa anafanyaje?" mama mdogo aliuliza.

"Ananigonga begani. 'Inuka, umependeza.'"

"Huyo amekugonga?"

"Bado."

"Asubuhi zote hizo?"

"Bado, mama mdogo."

"Basi huyo si dada yangu. Dada alikuwa na shughuli zake, hakuwahi kumchana mtu kutwa." Akafunga mlango wa jikoni. "Mwanangu, huyo hajamaliza nawe. Na mtoto humpeleki."

Jumamosi mchana, badala ya Kidoti, mama mdogo alikuja maabara na mganga, mwanamke mnene aliyepanda ngazi akihema. Waya alikata kengele ya moshi, ubani ukawashwa. Mganga aliuzunguka mkono, akautazama waya wa umeme wa mkono huo, uliochomolewa na kulala sakafuni, kisha vidole vilivyokuwa vikipanda na kushuka bila umeme.

"Huyu naye kasoma chuo," alisema. "Anatafuta kichwa cha kukaa. Alipokelewa kwa mapenzi, kwa hiyo aliyempokea ndiye amkane. Sema si mama yako, kisha ukifute alichokiweka."

Dokta aliweka kidole juu ya kitufe cha kompyuta cha kufuta kumbukumbu ya mkono, na hapo ndipo mlio wa mota ukabadilika ukawa kama sauti ya mtu anayeimba kwa mdomo uliofumbwa, wimbo ule ambao mama aliuimba akichana, na harufu ya mafuta ikajaa chumba hadi Waya akaziba pua, na vidole vikageuka kutoka kwenye kigoda vikanyooka kuelekea kichwa cha Dokta, taratibu, kwa upole uleule, na yeye alijua kwamba akibonyeza hatachanwa tena na mtu yeyote duniani, akajua pia kwamba asipobonyeza, siku moja atakayeketi pale ni Kidoti.

"Si mama yangu," alisema, akabonyeza.

Mkono ukaanguka mezani. Mpira wa vidole ulikuwa umepasuka-pasuka kama kisigino.

"Katoka?" mama mdogo akanong'ona.

Mganga alinusa hewa. "Kwenye chuma, katoka."

Jumapili jioni Dokta alimketisha Kidoti chini, kati ya magoti yake, amchane kwa ajili ya shule. Paji hadi kisogo. Akatua nyuma ya sikio.

"Mama, mkono wako wa moto."

"Tulia."

"Tayari?"

Dokta alitaka kusema tayari. Aliuamuru mkono usimame, nao ukarudi kwenye paji. Chanuo lilikuwa limeshaanguka, vidole vikaendelea bila chanuo. Akaukamata kwa mkono wa pili, na ule wa pili ukalegea, ukaanza kufuata, juu na chini, kama siku ile maabara.

"Mama, unaniumiza!"

Ndipo nyuma yake, mahali penye ukuta mtupu, kitu laini kama mpira kikamgonga begani.

Mikono yake ikamwangukia mapajani, mizito, ya kwake tena.

Mbele yake Kidoti alinyamaza ghafla. Aliketi wima, amefumba macho, na nywele zake ziliendelea kugawanyika zenyewe, polepole, kutoka kwenye paji hadi kisogoni.