Kiti cha Kushoto

Gari lilikuwa na kila kitu, japo kibovu, isipokuwa kiti cha abiria.

Fundi cherehani aliinama akachungulia kupitia kioo chenye vumbi. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la watu wawili, fupi na bapa kama kobe, wekundu wake umechakaa hadi ukawa rangi ya maini. Tangu ujana wake alikuwa akitamani gari la namna hiyo, na sasa nywele zikiwa zimeanza kumpa kisogo, amelipata kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa bwana harusi.

"Na kiti cha kushoto kiko wapi?" aliuliza.

Muuzaji, mpwa wa marehemu mwenye gari, alikuwa amesimama nje ya lango. Tangu walipofika hakuwa ameingia ndani hata hatua moja. "Mjomba alikitoa akakichoma moto," alisema.

"Kwa nini?"

"Alikuwa mzee. Wazee wana mambo yao."

Rafiki wa fundi, makanika ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alijikokota kutoka chini ya gari, uso umejaa kutu. "Chesisi nzima," alisema. "Bodi imeoza chini ya milango, hilo tutalichomelea. Nyaya zimekatwa, tena si panya. Mtu kazikata kwa koleo, moja moja. Na matundu ya bolti za kile kiti yamezibwa kwa kuchomelewa. Kwa nini mtu azibe matundu ya kiti?"

"Kiti niachie mimi," fundi alicheka. "Kazi yangu ni nini?"

Jioni hiyo gari likavutwa hadi kwake, likaingizwa kwenye banda la bati nyuma ya nyumba. Mkewe, mkunga, alitoka akiwa bado na sare ya kazini, akalizunguka mara moja mikono kiunoni.

"Wanaume wa umri wako wakichanganyikiwa huongeza mke," alisema. "Wangu mimi kaleta kobe. Tutakaa wangapi humo?"

"Wawili."

"Na mama?"

"Mama tutamfunga kwenye boneti."

Mkunga alicheka hadi akaegemea ukuta. Mama yake alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka pale, akichambua mchele kwenye ungo, naye akatabasamu kwa kuwaona wakicheka. Masikio yake yalikuwa yamekufa, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Hata radi hakuisikia. Walikuwa wameshazoea kusema mbele yake kama mtu anavyosema mbele ya kabati.

Kazi ikaanza. Siku ambazo duka lake halikuwa na wateja, fundi alirudi mapema, akasugua kutu kwa msasa hadi vidole vikakosa alama. Spana alihangaika na kabureta. Kiti fundi alikitengeneza mwenyewe tangu fremu: alikata chuma cha kiti cha ofisi kilichotupwa, akakata sponji mpya, akashona ngozi bandia nyeusi kwa mishono miwili miwili iliyonyooka kama rula. Hakuwahi kushona kitu akakipenda vile.

Siku ya kukifunga aliyasaga yale matundu manne kwa mashine. La mwisho lilipofunguka, hewa ikatoka. Ilitoka polepole, yenye joto, kama pumzi ya mtu aliyejibana kwa muda mrefu, na ilinuka nywele zilizoungua. Alirudi nyuma akikohoa, akajiambia ni grisi ya zamani, akafunga bolti zake.

Kesho yake mchana alikuta kiti kimebonyea katikati.

Paka, alifikiri. Akaweka kiganja pale palipobonyea. Palikuwa na joto, joto la mahali mtu alipoinuka sasa hivi. Bati hilo, akajiambia, bati linachoma. Lakini akaweka kiganja kwenye kiti cha dereva, nacho kilikuwa baridi.

Hakumwambia mtu. Siku mbili baadaye, wakiwa mezani mchana, mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Na yule mgeni wa bandani, chakula hamumpi?"

Mkunga akamuuliza kwa mikono: mgeni gani?

"Yule anayeongea. Ana sauti nzuri." Uso wa bibi, uliokuwa umefifia kwa miaka, ulikuwa unang'aa. "Namsikia, mwanangu. Namsikia kila neno."

Mume na mke wakatazamana. Hakuna aliyemaliza chakula chake.

Tangu hapo mama mkwe akahamisha kigoda chake hadi mlangoni pa banda. Asubuhi yuko pale, mchana yuko pale. Aliitikia, alicheka, alitikisa kichwa, wakati mwingine aliziba mdomo kwa khanga kama msichana aliyeambiwa jambo la aibu. Fundi alinyata siku moja akasimama nyuma yake. Hakusikia sauti. Alisikia tu ile ngozi aliyoishona kwa mkono wake ikilia, nywee, kama mtu anayebadilisha mguu wa juu kuwa wa chini, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamjia puani.

"Mama," aliita, akamgusa bega.

Mama mkwe akageuka, na tabasamu likamtoka usoni.

"Mtanifunga kwenye boneti?" aliuliza.

Fundi aliondoa mkono begani.

Siku zilizofuata zikawa za sumu. Mama mkwe aliacha kula nao. Alikuwa akipita sebuleni, anasimama, anatema neno moja ambalo walikuwa wamelisema miaka iliyopita mbele ya uso wake wenye tabasamu, kisha anarudi bandani kuchukua jingine. Kwa binti yake alileta zito kuliko yote, tena akalisema kwa sauti ya binti mwenyewe, ile ile, hadi namna ya kuvuta pumzi: "Mama akifa, hiki chumba chake kitafaa kwa vyerehani."

Sinia lilimponyoka mkunga. "Nilikuwa nimechoka siku ile," alisema akilia. "Mama, nilikuwa nimechoka tu! Nani kakwambia?"

Mama hakusikia swali. Lakini kule bandani honi ikalia mara moja, fupi, kama mtu anayesafisha koo. Honi ile haikuwa na waya hata mmoja. Mama mkwe akageuza kichwa upande ule, akasikiliza.

"Anasema ana mengine," alisema.

Jikoni, mlango umefungwa, mke na mume walizungumza midomo ikikaribia masikio.

"Liondoe."

"Nimeshampigia Spana, aje alivute."

"Lini?"

"Usipaze sauti."

"Nimeuliza lini?"

"Leo. Shii. Leo."

Spana alikuja, akafungua boneti, akaweka mkono juu ya injini na kuutoa kwa ghafla akiupuliza. Kiganja kilikuwa kimevimba malengelenge. "Betri liko wapi?" aliuliza.

"Kwako. Ulilichukua mwenyewe."

"Na petroli hatujatia hata tone." Alitazama injini, akatazama kile kiti cheusi kilichobonyea. "Ndugu yangu, hii injini sijaiwasha hata siku moja." Hakusema zaidi. Aliondoka akitembea haraka, kisha akikimbia, akaacha sanduku zima la vifaa vyake, na simu yake hakuipokea tena.

Jumamosi, saa kumi alasiri, jua likiwa bado linawaka na majirani wakianika nguo, mkunga alikwenda uani kumwita mama yake akaoge, akakuta kigoda kitupu na milango ya banda imefunguliwa yote miwili, na fundi aliyekuwa dirishani aliona mkewe akisimama, akiinua mikono taratibu kama mtu anayemtuliza mbwa, akasikia ngurumo nzito ya gari la mbio ambayo maisha yake yote alikuwa ameiota na sasa ilimgandisha damu, akatoka mbio bila viatu huku mkononi bado ameshika mkasi wa kukatia vitambaa, na alipofika pembeni ya ukuta akamwona mama mkwe, bibi ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, ameketi kwenye usukani, mkanda umemkaza kifuani, shingo ameigeuzia kushoto kama mwanafunzi anayemsikiliza mwalimu, akisema kwa utiifu, "Nakanyaga, ndiyo, nakanyaga," na gari likitoka gizani kumwelekea binti yake.

Lilimbana ukutani. Mfupa wa paja ulilia kama kuni kavu.

Fundi alijirusha kupitia dirisha la dereva. Usukani uliteleza mikononi mwake kama kitu kilichopakwa mafuta. Aliukata mkanda kwa mkasi, akamvuta mama mkwe kwa makwapa, naye akampiga, akamparura, akamng'ata mkono akipiga kelele, "Niache! Niache! Hajamaliza!" Fundi hakuachia. Walipoanguka wote wawili chini, injini ikanyamaza palepale, na katika ukimya ule akasikia, waziwazi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, mtu akicheka taratibu upande wa kushoto.

Mganga aliyeletwa na jirani siku ya pili alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na viatu vyeupe visivyo na doa. Hakuchoma chochote, hakupiga ngoma. Alisimama mlangoni pa banda akiuliza maswali kama karani wa hospitali.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna," fundi alisema. "Mke wangu yuko wodini, mguu umetundikwa. Nani angemkaribisha?"

"Kiti alishona nani?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Mwenye gari kabla yako alikuwa na akili," mganga alisema. "Alimnyang'anya pa kukaa, akaziba na mlango. Wewe ukafungua mlango, ukamshonea kiti kipya, ukakinyoosha na mishono. Sasa unataka aondoke kwa adabu gani? Aliyemketisha ndiye atakayemwinua. Utafumua. Uzi kwa uzi, wala usikate hata mmoja."

Fundi alikaa kwenye kiti cha dereva, akashika kisu chake kidogo cha kufumulia, akaanza. Mganga alibaki nje, mgongo amempa.

Mshono wa kwanza ulipoachia, harufu ilimjaa kooni. Wa kumi, akasikia sauti ya mkewe ikimwita kutoka ndani ya nyumba, na mkewe yuko hospitalini. Wa thelathini, akasikia ya marehemu baba yake, ikimwambia mambo ambayo baba yake hakuwahi kuyasema akiwa hai na ambayo fundi hajayarudia kwa mtu hadi leo. Machozi yalimtoka lakini vidole havikusimama, kwa sababu vidole vya fundi cherehani vina akili yao. Na alipofika chini, alipokunjua ngozi aone upande wa ndani, ndipo viliposimama: nyuma ya mishono yake iliyonyooka palikuwa na mishono mingine, midogo, ya msalaba, iliyopindapinda, uzi wake wa kijivu kama nywele za mtu, na mafundo yote yalikuwa upande wa sponji. Kuna mtu alikuwa anashona kutoka ndani.

"Fumua na hiyo," mganga alisema bila kugeuka.

Akaifumua. Uzi wa mwisho ulipochomoka, bati la banda lilinyanyuka lote kwa pamoja na kushuka kwa kishindo, vumbi likajaa, kisha kukawa na baridi ya kawaida tu ya mahali penye kivuli. Kiti kilikuwa fremu ya chuma na kipande cha sponji. Wenye vyuma chakavu walikuja siku hiyohiyo, wakalikatakata gari wakiwa wanapiga soga, wala hakuna lililowapata.

Mkunga alirudi nyumbani na magongo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukaa mbele ya mama yake, akaandika kwenye karatasi, herufi kubwa: TUSAMEHE. Mama aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka chini.

"Miaka kumi na moja nilikuwa peke yangu," alisema. "Nilipata mmoja wa kunisemesha. Mkamfukuza."

Hakuwaambia neno tena. Walimbembeleza, walimpikia anachopenda, walizoea kufunga midomo alipo hata kama walikuwa wanazungumzia hali ya hewa. Alikaa chumbani kwake uso ameuelekeza ukutani, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko ngurumo ya lile gari.

Mwezi wa tatu wa kimya hicho, fundi alirudi mchana kuchukua kipimo alichokisahau. Alipopita mbele ya chumba cha mama mkwe akaona mlango uko wazi. Bibi alikuwa kitandani, vipande vya vitambaa kutoka dukani vimezagaa mapajani, anashona mto mkubwa mweusi. Macho yake yalikuwa hafifu. Hakuwa ameshika sindano tangu fundi amjue. Lakini mkono wake ulikwenda upesi, bila kukosea, na fundi akasogea, akaona ile mishono midogo ya msalaba, ya uzi wa kijivu.

Fundi alikuwa peku. Hakuwa amegusa mlango. Alivuta pumzi tu.

"Usipige kelele," mama mkwe alisema, bila kuinua kichwa. "Nasikia."