Jicho la Chemchemi

Kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi aliamka alfajiri ndani ya hema, akakuta godoro limelowa chapachapa, upande wake tu. Mkewe ubavuni alikuwa mkavu. Mvua haikunyesha.

Uso ukamwiva. Mtu mzima, ana ndevu, amejikojolea! Na kwenye hema la pili alilala mama mkwe wake, waliyemleta kwenye bustani ile ya chemchemi kando ya mto apumzishe magoti.

Lakini yale maji hayakunuka mkojo. Yalinuka tope na majani yaliyooza.

Jana yake mlinzi aliwaonya: pale yanapochipukia maji, kwenye jicho lenyewe, pana mwenyewe, msioge, msifue. Mkasi alicheka. Giza lilipoanza kuingia aliona uvivu kufuata vyoo, akasimama juu ya jiwe akakojoa humo humo. Maji yakaacha kububujika, kama mtu anayesikiliza. Kisha yakaendelea. Hakumwambia mtu.

Sasa aliburuta godoro na shuka lake nje kimyakimya, akakutana uso kwa uso na mama mkwe. Mama akatazama godoro, akageuza macho.

"Umande wa huku mbaya," alisema taratibu. "Lete hilo shuka nilisuuze, baba."

Mkasi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani mambo yakawa yale yale: akifumba macho tu, analowa. Akaacha kulala. Siku moja mchana, usingizi ukamwiba kwenye kiti cha wateja, akazinduliwa na vicheko. Maji yalikuwa yanatiririka chini yake, yakisomba nywele zilizonyolewa hadi mlangoni. Vicheko vikakatika ghafla, maana maji hayakukoma, yalizidi kumtoka mwilini, baridi kama ya mtoni, na kinywa chake kikafunguka chenyewe ikatoka sauti ya kike, ya polepole: "Ulinikojolea usoni. Nitakuaibisha mpaka ukose pa kuuweka uso wako."

Mkewe akampeleka kwa mganga, mama wa makamo mwenye miwani, na huko Mkasi akakiri yote.

"Rudi kule mchana, mbele ya watu," mganga alisema. "Muombe radhi kwa sauti. Ukinong'ona, umemdharau mara ya pili."

Walikwenda Jumapili, yeye, mkewe na mama mkwe. Bustani ilifurika watu: watoto wanapiga mbizi, vijana na redio yao. Mkasi akasimama kwenye jicho, maji yakimfika miguuni, akawatazama wale watu wote, akaona haya.

"Nisamehe," akanong'ona.

Maji yakanyamaza. Watoto wakatoka mtoni bila kuitwa, mmoja mmoja, wakitetemeka, na harufu ya tope ikatanda huku maji yakimpanda Mkasi magotini, mapajani, kiunoni, ingawa pale hapakuwa na kina, na humo majini akahisi vidole vyembamba vikimshika mbavu vikimvuta chini, naye hata kupiga kelele aliona aibu.

Mama mkwe akavua viatu, akajitosa.

"Mwanangu amekosa!" alipaza sauti, watu wote wakasikia. "Amekukojolea, hakujua! Kosa lake nalichukua mimi!"

"Mama, usiseme hivyo!" mkewe alilia.

Vidole vikaachia. Maji yakabubujika tena, yakacheza juani kama hakijatokea kitu.

Kuanzia siku hiyo Mkasi alilala mkavu. Alipokwenda kumjulia hali mama mkwe, alimkuta kwenye kigoda uani, gauni limemganda miguuni. Chini ya kigoda maji yalidondoka, tone kwa tone, yakichimba kijishimo mchangani.

"Mama..."

"Karibu chai." Alivuta pindo lifunike miguu. Kisha akashusha sauti. "Usimwambie mkeo. Atakuchukia bure."

Mkasi akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa, macho yake chini.